Sikio Nalo Hupiga Mluzi

Chukua maikrofoni ndogo inayoingia kwenye tundu la sikio, izibe pembeni kwa sponji ili sauti za nje zisipenye, mwambie mwenye sikio atulie kwa dakika moja au mbili bila hata kumeza mate, kisha chambua ulichorekodi. Kwa watu wengi wenye usikivu mzuri, grafu itaonyesha vijiti vyembamba vimesimama peke yake juu ya kelele: kimoja labda hezi 1,300 na ushei, kingine hezi mia moja au mia mbili mbele yake. Kila kijiti ni mlio mmoja safi usiokoma, na hakuna spika iliyoupeleka humo. Umetoka ndani ya sikio, ukapita kwenye vifupa vitatu, ukaitikisa ngoma ya sikio kwa nyuma, na ukatokea nje.

Ni mlio mdogo sana. Mingi huwa kati ya desibeli 10 chini ya sifuri na desibeli 10 juu yake. Desibeli sifuri ni mikropaskali 20 tu, yaani sehemu moja ya bilioni tano ya kanieneo ya hewa tunayovuta. Kwa watu wazima milio hii hukusanyika zaidi kati ya hezi 1,000 na 2,000. Wanawake wanayo zaidi ya wanaume, na sikio la kulia zaidi ya la kushoto. Ukimpima mtu leo ukampima tena baada ya mwaka, utaikuta karibu palepale, imesogea kidogo tu. Mbali na milio hii ya kujitokea yenyewe, sikio lenye afya hutoa sauti nyingine pale linapochokozwa: ukilipelekea mguso mfupi wa sauti, linarudisha mwangwi wake, ukilipelekea milio miwili kwa pamoja, linakutolea wa tatu. Wapimaji wa masikio huziita zote OAE, kifupi cha Kiingereza cha “otoacoustic emissions”, yaani sauti zitokazo sikioni.

Tangu sauti hizi ziingie hospitalini, zimegeuka kuwa kipimo cha kwanza cha usikivu wa watoto wachanga, na hapo ndipo mkanganyiko huanza. Mzazi anaambiwa “mtoto amefaulu, anasikia”, au “amefeli, hasikii”. Kauli zote mbili si sahihi, kwa sababu OAE haipimi kusikia. Inapima mtambo mmoja uliomo ndani ya sikio, mtambo unaokuza sauti kabla neva haijaambiwa chochote. Anayeujua mtambo huo atasoma majibu vizuri, na asiyeujua atapotoka akiwa na mashine nzuri mkononi.

Vitabu vingi vya shule vinaeleza sikio kana kwamba halifanyi lolote ila kupokea. Sauti inapiga ngoma, nyundo inasukuma fuawe, fuawe inasukuma kikuku, kikuku kinayasukuma majimaji ya koklea, vinyweleo vinapinda, neva inapeleka habari kwenye ubongo. Hakuna uongo hapo, ila kuna pengo. Koklea ni mfereji wa milimita 35 hivi uliojiviringa mizunguko miwili na nusu, na umejaa maji. Chochote kinachotetemeka ndani ya maji hupoteza nguvu upesi. Kama sikio lingekuwa la kupokea tu, mtetemo ungekufa mapema, sauti ndogo zisingesikika, na tusingeweza kutenganisha noti mbili zilizokaribiana. Lakini tunazitenganisha.

Georg von Békésy aliuangalia utando wa basila, ule unaotanda urefu wote wa koklea, kwa darubini. Aliona wimbi likisafiri juu yake kutoka mlangoni kuelekea kileleni, likivimba mahali fulani kulingana na masafa ya sauti: sauti kali huishia karibu na mlango, sauti nzito hufika mbali. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1961, na ilistahili. Tatizo ni kwamba alizipima koklea za maiti, tena kwa sauti kubwa mno ili mtetemo uonekane. Uvimbe alioupata ulikuwa mpana, hauwezi kueleza usikivu makini tulio nao. Kwa miaka mingi watu walidhani basi kazi ya kuchuja inamalizika kwenye neva.

Kijana mmoja wa Cambridge alikuwa ameshasema vingine. Thomas Gold hakuwa daktari wala mtu wa biolojia. Wakati wa vita alikuwa akishughulika na rada za Uingereza, na baadaye alijulikana zaidi kwa elimu ya nyota, kwani ndiye aliyeeleza mwaka 1968 kwamba pulsa ni nyota za nyutroni zinazozunguka. Mwaka 1948, baada ya majaribio aliyofanya na R. J. Pumphrey, aliandika kwamba koklea lazima iwe na kitu kinachorudisha nguvu kwenye mtetemo kila mzunguko, ili kufidia kinachopotea majini. Fundi yeyote wa redio anajua mtego wa mfumo wa namna hiyo. Kila aliyewahi kukaa msikitini au kanisani siku maikrofoni imesogezwa karibu na spika anaujua mlio ule unaoanza mdogo na kuishia kuwafanya watu wazibe masikio: sauti inatoka, inarudi, inakuzwa, inatoka tena. Gold alikata shauri kwamba kama sikio lina mtambo wa kurudisha nguvu, basi mara mojamoja lazima nalo lipige mlio wa aina hiyo, na mlio huo usikike kwa nje. Alijaribu kuutafuta kwa vifaa vya wakati ule asiupate. Wazo likawekwa kando.

Dalili za kwanza zilikuja mwaka 1971, pale William Rhode alipopima koklea ya nyani aliye hai na kukuta kwamba utando unatetemeka isivyo kawaida: sauti ndogo inakuzwa sana, sauti kubwa inakuzwa kidogo. Mnyama akifa, tofauti hiyo inatoweka na koklea inakuwa kama zile za Békésy. Kisha David Kemp, mwanafizikia katika hospitali ya masikio, pua na koo jijini London, akafanya mwaka 1977 jaribio ambalo leo linaonekana jepesi. Aliziba tundu la sikio kwa kifaa chenye spika na maikrofoni, akapeleka miguso mifupi ya sauti, akajumlisha majibu mengi ili kelele zifutane. Akaona mwangwi unarudi kati ya milisekunde 5 na 15 baada ya mguso. Mwaka 1978 akauchapisha.

Simama kidogo kwenye hizo milisekunde, maana ndizo ushahidi wenyewe. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita mbili na nusu hivi. Sauti ikienda hadi kwenye ngoma na kurudi imesafiri sentimita 5, na hewani safari hiyo inachukua kama milisekunde 0.15. Mwangwi wa ngoma ya sikio ungekuwa umeshakuja na kupita zamani. Kinachorudi baada ya milisekunde 10 kimetoka mahali ambako mawimbi yanakwenda polepole sana, na mahali pekee pa namna hiyo ni utando wa basila. Zaidi ya hapo, mwangwi haurudi wote kwa pamoja. Masafa ya juu, kama hezi 4,000 au 5,000, yanatangulia kwa sababu makao yake yako karibu na mlango wa koklea. Hezi 1,000 inachelewa kwa kuwa imekwenda mbali zaidi. Tena mguso ukiongezwa nguvu, mwangwi hauongezeki kwa kiwango kilekile. Kitu kisicho na uhai hakifanyi hivyo. Ukuta hurudisha nusu ya ulichokipeleka leo na nusu ya utakachokipeleka kesho. Sikio hurudisha kwa ukarimu sauti ndogo na kwa ubahili sauti kubwa.

Mtambo wenyewe ni seli nywele za nje, yaani seli zenye vile vinyweleo. Juu ya utando wa basila, kila sikio lina safu moja ya seli nywele za ndani, kama 3,500, na safu tatu za seli nywele za nje, kama 12,000. Mtu angetarajia kwamba wengi ndio wapeleka habari. Kinyume chake: karibu asilimia 95 ya nyuzi za neva zinazopeleka habari kwenye ubongo zimeungana na zile 3,500 za ndani. Zile 12,000 za nje, karibu zote, hazisikilizi kwa niaba yetu. Zinasukuma.

Zinasukuma vipi? Mwaka 1985 William Brownell na wenzake walionyesha kwamba seli nywele ya nje iliyotolewa na kuwekwa peke yake kwenye sahani hurefuka na kufupika pale umeme wake wa ndani unapobadilishwa. Seli ni silinda nyembamba, ina urefu wa mikromita 20 karibu na mlango wa koklea hadi 70 au zaidi kileleni, na mwendo wake unafika hadi asilimia 4 au 5 ya urefu huo. Inaweza kufanya hivyo mara elfu nyingi kwa sekunde, kasi ambayo hakuna msuli unaoikaribia. Mwaka 2000 kundi la Peter Dallos katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, lilitambua protini inayofanya kazi hiyo, prestini. Imejaa kwenye kuta za seli na hubadili umbo kwa umeme moja kwa moja, bila kungoja kemikali. Panya waliozalishwa bila prestini hupoteza desibeli 40 hadi 60 za usikivu. Desibeli 40 ni mara 100 kwa kipimo cha kanieneo, na 60 ni mara 1,000, kwa hiyo mtambo huu si nyongeza ndogo.

Umeme wa kuendesha yote haya unatoka ukutani mwa koklea, kwenye tishu yenye mishipa mingi ya damu inayosukuma potasiamu ndani ya majimaji ya juu mpaka yafikie milivolti 80 chanya au zaidi. Ndani ya seli ni hasi, milivolti 40 hadi 60 hivi. Tofauti hiyo ya zaidi ya milivolti 120 imewekwa tayari kama betri iliyochajiwa. Vinyweleo vikipinda, milango midogo inafunguka, potasiamu inaingia, umeme wa seli unapanda, prestini inajikunja, seli inafupika na kuuvuta utando. Vinyweleo vikirudi, mambo yanageuka. Ikiwa mvuto unafika kwa wakati unaofaa, mtetemo unaongezwa nguvu. Betri ikipungua, kila kitu kinazorota: ukikata oksijeni, sauti za sikio hutoweka kwa dakika chache. Furosemidi, dawa ya kukojoza, ikiingizwa haraka kwenye mshipa hushusha betri hiyo na kuzifisha, kisha zinarudi dawa ikiisha.

Sasa kwa nini sauti itoke nje, ikiwa kazi ya mtambo ni kukuza mtetemo humohumo ndani? Kwa sababu hakuna koklea isiyo na kasoro kabisa. Seli hazikupangwa kwa rula: hapa moja imekaa upande, pale nyingine imepungua. Wimbi lililokuzwa likikutana na vijikasoro hivyo linarudishwa kidogo nyuma, kuelekea mlangoni. Sehemu inatoka kupitia kikuku na ngoma, nasi tunaipokea kama mwangwi. Sehemu nyingine inagonga kikuku na kurudi tena ndani, inakuzwa tena, inarudishwa tena. Palipo na masafa ambayo kila mzunguko unakutana na ule uliotangulia sawia, mlio unajiendesha wenyewe. Ndiyo milio ya kwenye ile grafu ya mwanzo. Ndiyo maana pia vijiti viwili haviwezi kukaribiana kupita kiasi: kwenye eneo la hezi 1,500 kwa kawaida hutengana kwa hezi 100 hivi. George Zweig na Christopher Shera ndio walioiweka hesabu ya maelezo haya sawa mwaka 1995.

Mlio wa tatu una asili nyingine. Mtambo unaokuza kidogo kwa sauti kubwa na sana kwa sauti ndogo, kwa tabia hiyohiyo, huzalisha masafa ambayo hayakuwemo. Peleka milio miwili, f1 na f2, nawe utapata mlio wenye masafa ya f1 mara mbili ukitoa f2. Uwiano wa f2 kwa f1 unaotoa jibu nono ni kama 1.22. Mfano: f2 iwe hezi 4,000, f1 iwe 3,279, tafuta kwenye hezi 2,558. Kwa kawaida f1 hupewa desibeli 65 na f2 desibeli 55. Kosa ninaloliona kwa wanaoanza ni kudhani kwamba jibu la hezi 2,558 linaeleza afya ya eneo la hezi 2,558. Linaeleza hasa eneo la f2, yaani hezi 4,000, kwani huko ndiko milio miwili inakokutana na kuchanganywa.

(Mamalia hawako peke yao. Vyura, ndege, na jamaa za mjusi kafiri pia hutoa milio ya masikio, na wao hawana seli nywele za nje kama zetu. Kwao vinyweleo vyenyewe ndivyo vinavyosukuma. Kuna hata mbwa aliyeandikwa katika majarida ya kisayansi kwa mlio wake wa sikio.)

Swali ambalo halikosi: je, hii ndiyo ile kelele ya masikio inayowasumbua watu? Kwa idadi kubwa, hapana. Mlio wa sikio huwa kwenye sikio lenye afya, na mwenye nao kwa kawaida hausikii, kwa kuwa ubongo umeuzoea. Kelele masikioni hutokea mara nyingi pale seli zilipoharibika, na hapo OAE hupungua au hazipo. Wachache tu ndio ambao kelele yao inalingana na mlio unaopimika. Aspirini inatenganisha mambo haya vizuri: dozi kubwa huiziba prestini na kuifisha milio ya sikio, na wakati huohuo inamletea mtu kelele masikioni. Mlio wa kweli unazimika, wa hisia unawaka. Kwinini nayo hufanya jambo la jinsi hiyo. Yeyote aliyewekewa dripu ya kwinini kwa malaria kali anakumbuka masikio yalivyovuma na watu walivyosikika kwa mbali. Seli nywele za nje zilikuwa zimelegezwa kwa muda. Dawa ikishatoka mwilini, usikivu hurudi, na OAE nazo.

Tuje kwenye kitanda cha mtoto. Probu, yaani kile kifaa kidogo kinachoingizwa kwenye tundu la sikio, ina maikrofoni moja na spika moja au mbili. Kwa kipimo cha milio miwili lazima spika ziwe mbili, kwani spika moja ikipewa milio yote itachanganya yenyewe na kutoa mlio wa tatu wa uongo. Kabla ya mtoto wa kwanza wa siku, ipime probu kwenye tundu la majaribio linalokuja na mashine. Tundu la plastiki halina koklea. Likifaulu, mashine ina kasoro, na watoto wote wa siku hiyo wangefaulu pamoja nalo. Kisha ipime kwenye sikio la mtu mzima unayejua linasikia vizuri. Hilo lazima lifaulu. Kazi ya dakika mbili, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Mtoto awe ameshiba na amelala. Chumba kiwe na utulivu: zima feni, funga dirisha la upande wa jenereta, waombe ndugu watoke. Chagua kifuniko cha probu kinachojaza tundu. Kikiwa kidogo, sauti nzito zinavuja na kelele zinaingia, kikiwa kikubwa kinakunjika na kuziba matundu ya spika. Sikio la mchanga livute taratibu kuelekea chini na nyuma ili njia inyooke, ingiza probu kwa kuizungusha kidogo, kisha iachilie. Ikibaki yenyewe, umeipata. Ukilazimika kuishika, mapigo ya mkono wako yanaingia kwenye rekodi. Waya ubane kwenye shuka, usiguse nguo ya mtoto inayopanda na kushuka kwa pumzi.

Kwa kipimo cha mwangwi, mashine hupeleka miguso ya mikrosekunde 80 yenye kilele cha desibeli 80 hadi 84 hivi, kama 50 kwa sekunde. Hupangwa kwa vikundi vya minne: mitatu ya upande mmoja, wa nne ukiwa wa upande wa pili na wenye nguvu mara tatu. Ukijumlisha minne hiyo, chochote kinachorudi kwa uwiano, kama mrindimo wa tundu lenyewe, kinakuwa sifuri. Kinachobaki ni kile kisichofuata uwiano, yaani sikio hai. Mashine hutupa milisekunde mbili na nusu za mwanzo na kusikiliza mpaka ya 20. Inagawa majibu katika mafungu mawili, A na B, na kuyalinganisha. Yakifanana kwa asilimia 70 au zaidi, ni dalili kwamba si kelele za kubahatisha. Miguso 2,000 hivi ndiyo kikomo cha kawaida, chini ya dakika moja mtoto akitulia. Kila ukiongeza idadi mara nne, kelele inapungua kwa nusu, yaani desibeli 6, kwa hiyo mtoto anayekoroma au kunyonya atachukua muda mrefu bila faida kubwa. Mngoje. Masharti ya kufaulu hutofautiana kati ya vituo, lakini mengi hutaka jibu lizidi kelele kwa desibeli 6 katika bendi tatu kati ya nne, kati ya hezi 1,500 na 4,000 au 5,000. Chini ya hezi 1,000 usijisumbue: kelele za pumzi na damu zimejaa huko.

Mtoto asipofaulu, mtuhumiwa wa kwanza si koklea. Sauti ya sikio lazima ipite sikio la kati mara mbili, kwenda na kurudi, kwa hiyo kizuizi kidogo kinalipiwa mara mbili. Saa 24 za kwanza tundu huwa bado lina ule utando mweupe wa ngozi ya uzazi, na sikio la kati linaweza kuwa na majimaji. Ndiyo maana kupima siku ya pili kunapunguza sana rufaa zisizo za lazima. Itoe probu, itazame nchani. Ukikuta uchafu umeingia kwenye vitundu, futa au badilisha ncha, rudia. Rudia mara moja, au mbili tukiwa wakarimu. Ukirudia mara kumi mpaka ifaulu, umemtafutia mtoto bahati nasibu, maana kelele nayo hubahatisha kufaulu ikipewa nafasi za kutosha. Andika “arudiwe”, toa tarehe, na umweleze mama kwamba neno hilo halimaanishi kiziwi. Akikosa tena, aende kwenye kipimo cha shina la ubongo, ABR, ambacho husoma umeme wa neva kwa vibandiko vya kichwani. Ratiba inayofuatwa kwingi ni kupimwa kabla ya mwezi mmoja, kuthibitishwa kabla ya miezi mitatu, kuanza msaada kabla ya miezi sita.

Kwa mtoto mkubwa au mtu mzima, OAE zikikosekana angalia kwanza nta, kisha sikio la kati kwa timpanometri, kipimo kinachoonyesha jinsi ngoma ya sikio inavyocheza shinikizo la hewa likibadilishwa. Majimaji nyuma ya ngoma yanazifuta OAE hata kama koklea ni nzima kabisa. Na zikikosekana kwa sababu ya koklea, hazikuambii upungufu ni wa kiasi gani: usikivu ukishuka kupita desibeli 30 hadi 40 zinapotea, na baada ya hapo aliyepoteza 45 na aliyepoteza 95 wanafanana kwenye skrini.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, kwani linaonekana kama habari njema. Seli nywele za nje zinaweza kuwa nzima na kutoa sauti zake vizuri huku seli za ndani, au kiungo chake na neva, au neva yenyewe, havifanyi kazi. Mtoto wa namna hiyo anafaulu OAE bila shida yoyote, na haelewi anachoambiwa. Walio katika hatari wanajulikana: waliozaliwa njiti, waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, na hasa waliopata manjano kali hadi bilirubini ikafika kiwango cha kubadilishiwa damu. Bilirubini inashambulia neva na vituo vya shina la ubongo, inaziacha seli za nje. Wapo pia wanaorithi kasoro ya jeni ya otoferlini, protini ambayo seli za ndani huihitaji ili kupeleka habari kwenye neva. Kwa watoto hawa OAE peke yake haitoshi; aliyelazwa chumba cha wachanga mahututi zaidi ya siku tano anatakiwa kupimwa kwa ABR. Mahali ambapo ABR haipo, faili lake liandikwe wazi kwamba usikivu haujathibitishwa, na mama aambiwe asikubali kutulizwa na kile cheti cha “amefaulu” mtoto akifika miezi tisa bila kugeukia sauti.

OAE zinapofaa kuliko kipimo kingine chochote ni kwenye wodi za dawa zinazoua seli nywele. Antibiotiki kama jentamaisini, amikasini na kanamaisini huanza na seli za nje, na huanzia mlangoni mwa koklea, kwenye masafa ya juu, kisha hupanda kuelekea maeneo ya mazungumzo. Cisplatini ya saratani hufuata njia hiyohiyo. Seli hizo zikifa hazioti tena. Kwa miaka mingi wagonjwa wa kifua kikuu sugu Afrika Mashariki na kwingineko walichomwa sindano za aina hii kwa miezi, na wapo waliopona kifua wakabaki viziwi. Tangu WHO iache kupendekeza kanamaisini na kuweka mbele dawa za kumeza, mzigo huo umepungua, lakini jentamaisini bado iko kila wodi. Mgonjwa mwenye figo dhaifu, au anayepewa furosemidi pamoja nayo, yumo kwenye hatari kubwa zaidi, na wapo wenye badiliko la kurithi kwa upande wa mama, m.1555A>G, ambao dozi ya kawaida inatosha kuwaziba masikio.

Utaratibu ni huu. Pima kwa milio miwili kabla ya dozi ya kwanza, au ndani ya siku tatu za mwanzo, f2 ikianzia hezi 2,000 hadi 8,000 au 10,000 kama mashine inafika. Rekodi siyo “amefaulu” bali desibeli za kila pointi, pamoja na kelele yake. Pima mara mbili siku hiyohiyo, probu ikitolewa na kurudishwa, ili ujue mkono wako mwenyewe unatofautiana kwa kiasi gani. Rudia kila wiki. Pointi mbili za juu zikishuka kwa desibeli 6 au zaidi kuliko mwanzo, timpanometri ikiwa ya kawaida, mwite daktari siku hiyo, kabla mgonjwa hajaanza kusema “eti?”. Kuwafanyia watu wazima audiogramu ya kawaida (grafu ya sauti ndogo kabisa ambayo mtu anaisikia kwa kila masafa) inayoishia hezi 8,000 mara nyingi huchelewa: seli za nje kadhaa hufa kabla mstari wa audiogramu haujayumba. Na uendelee kupima kwa miezi kadhaa baada ya sindano ya mwisho, kwa sababu dawa hizi hukaa ndani ya koklea muda mrefu baada ya kutoka kwenye damu, na masikio mengine huanza kushuka mgonjwa akiwa ameshapewa ruhusa ya kwenda nyumbani.